Email ya kibali haionekani, mkaguzi anaitaka, na mkuu wa idara anasema tuchape barua yenye tarehe ya zamani

Shangazi shikamoo. Naomba usinitaje jina wala halmashauri yangu, sema tu nipo kanda ya ziwa inatosha. Mimi ni mtunza kumbukumbu, nipo masijala ya wazi (ofisi ya barua na majalada yasiyo ya siri), nilisomea Tabora, na kazi yenyewe unaijua maana na wewe umekaa masijala miaka mingi kabla hujaanza kutujibu sisi huku. Barua ikija naigonga muhuri wa kupokelewa, naiingiza kwenye rejista, naipa folio (namba yake ndani ya jalada), jalada linaenda kwa mkubwa, halafu nalifukuzia mpaka lirudi.

Sasa shida yangu iko hivi. Tulikuwa na mkataba wa jengo la zahanati, mkandarasi akachelewa, na kusema kweli mvua zilikuwa nyingi na barabara ya kwenda kule kijijini ilikatika, hilo kila mtu hapa analijua. Akaandika barua kuomba aongezewe muda. Barua hiyo niliipokea mwenyewe na ipo, folio 47. Mkurugenzi aliyekuwepo kipindi hicho alikuwa Dodoma kikaoni, akamjibu mhandisi wetu kwa email, tena kwa simu, kwa Gmail yake binafsi, kwamba waongezewe siku 60 kazi iendelee. Mhandisi akamtumia mkandarasi, kazi ikaendelea, jengo likaisha, watu wanatibiwa pale. Masijala hakikuja kitu. Ukifungua jalada, folio 47 ni ombi na folio 48 ni hati ya malipo, katikati hapo hakuna mtu aliyesema ndiyo wala hapana.

Wakaguzi wamekuja. Swali lao ni moja tu, kwa nini mkandarasi hakukatwa fidia ya ucheleweshaji. Mhandisi anasema alipewa muda, wakaguzi wanasema tuonyesheni. Mhandisi kwake haipo, boksi lake lilijaa mwaka jana akafuta vitu vingi. Mkurugenzi yule kahamishiwa mkoa mwingine. Mwenzangu mmoja ambaye alikopiwa kwenye ile email anakumbuka kabisa kuiona, kichwa chake kilikuwa Re: Fwd: picha za saiti, yaani hata ukiitafuta kwa neno zahanati au mkataba huipati.

Juzi mkuu wa idara kaniita ofisini kwake akafunga mlango. Anasema hii kitu ni ndogo, tuchape barua moja ya kibali, tuweke tarehe ya kipindi kile, saini ya mkurugenzi wa zamani tutaitafutia namna, wewe utaiingiza kwenye jalada uiite 47A, na kwenye rejista kuna mstari uliachwa wazi mwezi ule utaujaza. Kasema kibali kweli kilitolewa kwa hiyo hatudanganyi mtu, tunaweka sawa karatasi tu. Sikumjibu, nilisema nitaangalia.

Na hapo hapo mtu wa TEHAMA kabandika tangazo kwamba nafasi ya email imejaa, kila mtumishi afute barua pepe zake zote za zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza afisa utumishi kama hilo ni sawa kasema email siyo barua, barua ni ile yenye Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) na muhuri, email ni kama kupigiana simu. Nimebaki njia panda shangazi. Nikigoma naonekana mjuaji, mimi ndiyo mdogo kuliko wote pale. Nikikubali sijui itakuwaje. Na je ni kweli email siyo kumbukumbu? Mbona chuoni walitufundisha tofauti?

(Swali dogo la mwisho, dada ninayekaa naye masijala yeye anaprinti kila email anayoletewa, mpaka za kutakiana heri ya siku ya kuzaliwa, majalada yamevimba hayafungi. Ni sawa?)

Wako,
Mtunza kumbukumbu, kanda ya ziwa

*

Marahaba mwanangu, hujambo. Umeniandikia mambo manne kwa mkupuo lakini nitaanza na lile la mlango uliofungwa, maana hayo mengine yanarekebishika, hilo halirekebishiki.

Usiichape hiyo barua, usiiingize, usiguse ule mstari wa rejista. Nimesoma mara mbili pale mkuu wako anaposema kibali kilitolewa kweli kwa hiyo hamdanganyi mtu, na naona anaamini anachosema, lakini kinachodanganya hapo ni karatasi. Karatasi itasema mimi nilikuwepo tarehe ile, nilisainiwa na fulani, nikapokelewa masijala na fulani, na yote matatu ni uongo. Kwa Kanuni ya Adhabu hiyo inaitwa kughushi, na haijalishi kwamba jengo lipo na mvua kweli ilinyesha. Halafu angalia vizuri majina yatakayobaki kwenye ushahidi. Mkuu wa idara hajaandika popote, kaongea tu. Mhandisi hayumo. Saini ni ya mtu ambaye hajasaini. Mwandiko kwenye rejista ni wako, folio kaipa mkono wako. Siku likilipuka, TAKUKURU watakuja kumuuliza nani?

Na litalipuka, maana hao wakaguzi kazi yao ndiyo hiyo. 47A katikati ya ombi na malipo, kwenye jambo lile lile waliloliuliza, imetokea baada ya wao kuuliza. Wataomba rejista waone barua za juu na chini ya huo mstari. Wataomba kitabu cha kupeleka barua waone ilipelekwa kwa nani. Watauliza ilichapwa kompyuta ipi, na kompyuta yenyewe itawaambia faili liliundwa lini. Watampigia mkurugenzi wa zamani, na yule mzee wa watu ambaye alitoa kibali chake halali kwa moyo safi ataonyeshwa saini asiyoijua, unadhani atasema nini? Hapo hoja iliyokuwa ya nyaraka kukosekana inageuka ya kughushi, na kibali halali mlichokuwa nacho hakuna atakayekiamini tena. Ukirudi kwa mkuu wako wa idara mwambie hilo la mwisho, huenda ndilo litakalomwingia, maana yeye ana haraka ya kufunga hoja na hii njia yake itaifungua kubwa zaidi.

Namna ya kumjibu bila kugombana: mwambie bosi, nimeangalia, rejista haikubali, ila kuna njia ya kuipata email yenyewe, naomba ruhusa nianze. Hujamwita mwongo na hujakubali. Akisisitiza, mwombe akupe maelekezo kwa maandishi kwenye jalada. Hatayatoa.

Sasa tangazo la TEHAMA, hilo la leo leo, Ijumaa iko karibu. Yule kijana wa TEHAMA simlaumu sana, yeye anaona sava imejaa na simu zinalia, kwake nafasi ni nafasi. Ila hana mamlaka ya kuamuru kumbukumbu za umma zifutwe, wala mkuu wako hana, wala mkurugenzi mwenyewe hana peke yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, imempa mkuu wa taasisi wajibu wa kuzitunza, na kuteketeza kunahitaji idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ile iliyo chini ya Ofisi ya Rais Utumishi. Ndiyo maana majalada yenu ya karatasi yaliyopitwa na wakati hamyachomi nyuma ya ofisi mkijisikia, mnaorodhesha, mnapeleka orodha, mnasubiri kibali. Sasa lile ambalo haliwezekani kwa karatasi moja linawezekanaje kwa email elfu kumi kwa tangazo la kubandika ukutani?

Tena kuna jingine zito zaidi. Jambo likishakuwa na hoja ya ukaguzi, au kesi, au uchunguzi, au mtu kashaomba taarifa zake kwa barua, hakifutwi chochote kinacholihusu, hata kama muda wake wa kutunzwa ulikwisha zamani na kibali cha kuteketeza kipo mezani. Kufuta wakati mkaguzi yuko ndani ya jengo, hata ukifuta kwa nia njema kabisa, kunasomeka kwa namna moja tu. Sheria ya Ukaguzi wa Umma inampa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na watu wake haki ya kuona nyaraka wanazozitaka, na kuwazuia ni kosa. Hoja isipojibika hapo inapanda kwenye ripoti, na ripoti inamfuata mkurugenzi wenu mpaka mbele ya LAAC, kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa, huko Dodoma, huko anaulizwa na wabunge kamera zikiwa zinawaka. Mkurugenzi wa sasa akilielewa hili atalisimamisha tangazo kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo andika dokezo, ile barua fupi ya ndani ya ofisi. Lisiende kwa mkuu wa idara ya mradi, wewe masijala uko chini ya utawala, basi andika kwa mkurugenzi kupitia kwa afisa utumishi, njia yako ya kawaida, hakuna mtu utakayekuwa umemruka. Fupi tu, kitu kama hiki: "Kuna hoja ya ukaguzi kuhusu nyongeza ya muda wa mkataba wa zahanati ambayo ushahidi wake ni barua pepe. Naomba zoezi la kufuta barua pepe lililotangazwa na Kitengo cha TEHAMA lisitishwe mpaka hoja ifungwe, na maelekezo ya uteketezaji yaombwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa." Lipe folio lako. Usiandike mambo ya 47A humo, hilo ni la mdomo kwanza, ila nyumbani kwako andika tarehe na maneno uliyoambiwa, ukae nayo.

Afisa utumishi atakuambia tena email siyo barua. Mwanangu chuoni hawakukudanganya. Sheria ile ya 2002 inaita kumbukumbu taarifa yoyote iliyorekodiwa, bila kujali umbo wala chombo, ambayo ofisi imeitengeneza au imeipokea katika kufanya kazi yake na inathibitisha kazi hiyo. Haikutaja karatasi wala muhuri. Halafu 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo inasema ujumbe haukataliwi nguvu ya kisheria kwa sababu tu uko kwenye kompyuta, mahakama inaupokea, kinachoangaliwa ni kama unaaminika: ulitengenezwaje, ukatunzwaje, umetoka kwa nani, umeguswa au haujaguswa. Email ya siku 60 iliamua pesa ya serikali ikatwe au isikatwe. Ilikuwa folio ya jalada lile tangu dakika ilipotumwa, sema tu haikufikishwa. Na lile la kupigiana simu, mtu akitoa kibali kwa simu inatakiwa aliyekipokea aandike dokezo siku ile ile na liingie jaladani, kwa hiyo hata kwa mfano wake mwenyewe afisa utumishi hajatoka.

Tuje kwenye kuitafuta. Kwa mhandisi imekufa, sawa, lakini email haikai mahali pamoja. Ipo kwenye zilizotumwa za mkurugenzi wa zamani, maana Gmail haifuti zilizotumwa yenyewe, inayojifuta baada ya siku 30 ni ile iliyotupwa kapuni, kwa hiyo kama hakuifuta ipo. Ipo kwa mkandarasi, na huyo hata siku moja hawezi kuifuta, ndiyo inayomlinda asikatwe. Ipo labda kwa huyo mwenzako aliyekopiwa, mbona hujaniambia kama ameangalia kwake? Wengi wakisema "nakumbuka niliiona" hawajatafuta, wanakumbuka tu. Atafute kwa jina la mtumaji na mwezi, asitafute kwa neno, kwa sababu ya hicho kichwa cha picha za saiti (hivi mtu anajibu kibali cha mkataba juu ya email ya picha, Mungu wangu). Na TEHAMA waulizeni Mamlaka ya Serikali Mtandao kama boksi la mhandisi lina nakala ya akiba ya kipindi hicho. Ila msiweke tumaini kubwa huko, nakala za akiba huwekwa ili mfumo ukianguka urudi juu, zinazunguka na mpya zinafuta za zamani, hazikuwekwa ili mtafute barua ya mwaka juzi.

Kwa mkurugenzi wa zamani asiende kijana wa masijala na meseji ya WhatsApp. Mkurugenzi wa sasa amwandikie mwenzake barua rasmi, kwa heshima, kwamba kuna hoja, tunaomba utusaidie nakala ya barua pepe yako ya kipindi kadhaa. Atakubali, na yeye inamgusa. Na mkandarasi naye aandikiwe. Nataka zote mbili kwa sababu mkaguzi akiletewa nakala kutoka kwa mkandarasi peke yake atasema huyu ndiye aliyefaidika, nitamwaminije, lakini zikitoka pande mbili ambazo haziongei na zikawa na tarehe ile ile na dakika ile ile, hapo mmesimama vizuri.

Namna ya kuileta ina maana kubwa. Picha ya skrini haitoshi, hata mtoto wa darasa la saba anaitengeneza. Kuforwadi kwa kawaida nako kuna kasoro, maana anayeforwadi anaweza kubadilisha neno lolote ndani kabla hajabonyeza, na tarehe ya juu inakuwa ya leo. Mwenye email aifungue kwenye kompyuta badala ya simu, pembeni ya ujumbe kuna vidoti vitatu, humo kuna sehemu ya kupakua ujumbe, linatoka faili lenye mwisho wa .eml. Hilo linabeba na ile njia yote ujumbe uliyopita, sava kwa sava. Alitume kama kiambatisho kwenye barua pepe yenu ya go.tz. Wewe ulitunze kama lilivyo, halafu uprinti nakala ya jaladani ikionyesha nani, kwa nani, waliokopiwa, tarehe, saa, kichwa cha habari, na kama ilikuwa na viambatisho navyo viprintiwe. Kisha igonge muhuri wa kupokelewa wa LEO. Folio yake ni ya mwisho kwenye jalada kwa sasa, siyo 47A, na pale kwenye 47 unaweka alama ndogo ya kumwelekeza msomaji aende folio ile.

Na hapa ndipo mkuu wako wa idara atapata anachokitaka kwa njia halali. Mkurugenzi wa zamani anaweza kuandika barua, kwa tarehe ya leo, kwa saini yake, akisema tarehe fulani nilitoa kibali hiki kwa barua pepe na nakala yake naiambatisha. Hiyo haina uongo wowote. Kama taratibu nyingine za mkataba zilifuatwa, kama kibali kilitakiwa kipite na kwingine, hilo ni la mwanasheria wenu na watu wa manunuzi, masijala haliwahusu.

Ikikosekana kabisa? Basi mnawaambia wakaguzi haijaonekana, na mnaleta vilivyopo. Ombi folio 47, mihtasari ya vikao vya saiti, kitabu cha saiti cha kipindi cha mvua, barua zozote za kuhusu barabara kukatika. Hoja inaweza kubaki. Hoja ya nyaraka kukosekana ina maumivu, ila watu wanaivuka.

Sasa ya mbele, ili mwakani usiniandikie tena hii. Ugonjwa wenu hasa ni ile Gmail. Miongozo ya serikali mtandao imesema siku nyingi mawasiliano ya serikali yapite kwenye barua pepe ya serikali, na wakubwa ndio wa kwanza kuikwepa, eti ile nyingine ni nyepesi kwenye simu. Siyo kwetu tu. Hillary Clinton alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, 2009 mpaka 2013, alitumia sava yake binafsi, na maneno ya email zile yalimfuata mpaka kwenye kampeni ya urais ya 2016. Huwezi kumzuia mkurugenzi kushika simu yake, lakini unaweza kumwomba kitu kimoja, akijibu la kikazi kwa binafsi akopi na anuani ya ofisi hapo hapo. Na WhatsApp vivyo hivyo, maana najua nyingi siku hizi zinaamuliwa humo: aliyepokea agizo aandike email ya mistari miwili, "kama ulivyoelekeza leo kwa simu, tunawaongezea siku 60", aitume kwa aliyeagiza na kopi masijala. Asipopinga imeshakaa.

Nani apeleke email jaladani, hapo ndipo ofisi nyingi zinapokwama kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake kapeleka. Kwa kawaida ya kazi yetu ni hivi, email ya ndani kwa ndani anaipeleka aliyeituma, iliyotoka nje anaipeleka anayetakiwa kuifanyia kazi, na aliyekopiwa tu hana deni. Haina haja ya kupeleka kila jibu la "sawa", mazungumzo yakiisha inapelekwa ile ya mwisho yenye mnyororo wote chini yake, ila hakikisheni hakuna aliyekata mnyororo wala kiambatisho kilichoanguka njiani. Na wakituma kiungo cha faili lililoko Drive ya mtu, lipakueni faili lenyewe, kiungo kesho kinakufa au mwenyewe anabadilisha kilichomo na ninyi jaladani mna anuani ya nyumba isiyo na mtu. Kama mna e-Office, ule mfumo wa majalada ya kwenye kompyuta, basi ni rahisi zaidi, inaingizwa kwenye jalada la humo humo bila kuprinti. Kama bado mko kwenye karatasi, chapeni kwenye karatasi. Kinachoharibu ni nusu huku nusu kule bila mtu kujua nusu ipi iko wapi.

Na kichwa cha habari, jamani. Waombe waandike Kumb. Na. ya jalada kwenye kichwa cha email. Mhandisi angeandika namba ya mkataba pale juu leo tusingekuwa tunaongea. Hilo ni la bure kabisa, halihitaji bajeti wala semina.

Umeniuliza zikae muda gani? Hujauliza, ila afisa utumishi atauliza. Email haina muda wake, muda ni wa jambo lililomo. Email ya mkataba inakaa kadiri jalada la mkataba linavyokaa, ya ajira ya mtu inafuata jalada lake binafsi, mnaangalia ratiba yenu ya utunzaji na uteketezaji. Majirani Kenya, sheria yao ya manunuzi ya 2015 imetaja angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Wamarekani walichoka na kuchagua moja moja, 2013 ofisi yao ya nyaraka ikaleta utaratibu wa kuangalia cheo, akaunti za wakubwa wa juu zinahifadhiwa kuwa za kudumu na za wengine zinakaa miaka kadhaa, basi. Mimi naona huo si mbaya kwa halmashauri, walau boksi la mkurugenzi lisifungwe anapohamishwa kabla halijanakiliwa na kuandikwa kwenye hati ya makabidhiano, kama anavyokabidhi gari na funguo za sefu. Pale Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, kuna majalada ya utawala wa Wajerumani, UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya kumbukumbu za dunia 1997, mpaka leo mtu anafungua anasoma nani alimwandikia nani kabla hata ya vita ya kwanza, na sisi ya mwaka juzi tunaipigia ramli.

Vitu viwili vya tahadhari nivipitie haraka. Ya SIRI haipiti kwenye email ya kawaida hata kidogo, ina masijala yake. Na zenye habari za afya za mtumishi au familia yake msizisambaze kwenye majalada ya wazi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Dada yako wa kuprinti mwambie apumzike. Heri ya kuzaliwa, mwaliko wa kikao kilichoisha, tangazo la maji kukatika, nakala ya tatu ya waraka ambao upo tayari, matangazo ya kampuni za semina, hizo hazithibitishi kazi yoyote, muda wake ni leo tu na mtu anafuta bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Tena hapo ndipo utakapompa faraja yule kijana wa TEHAMA, mwambie badala ya kufuta kwa umri watu wafute kwa aina, waanze na hizo na zile video za kuforwadiana. Hoja ya wakaguzi ikishajibiwa kaa na huyo dada mpitie majalada yaliyovimba, folio zikishapewa namba msizing'oe, mfunge juzuu la kwanza mfungue la pili.

Dokezo liende kesho asubuhi.

Shangazi